Nilitaka Macho Meupe

Jicho langu la kushoto lina doa jeupe mahali palipostahili kuwa peusi. Watoto huliangalia kisha hugeuza nyuso, na watu wazima hujifanya hawalioni. Nimechoka kuulizwa, na kwa sababu hiyo peke yake ningeandika. Lakini ipo nyingine. Siku chache zilizopita, kwenye gulio la Same, nilimwona mwanamke akitoa chupa ndogo kwenye fundo la kanga. Aliinua uso, akajidondoshea dawa macho yote mawili, kisha akampa mwenzake naye afanye vivyo hivyo. Nilitaka kumwita, nikaogopa kumwaibisha mbele za watu. Basi maneno niliyoyameza siku ile nayatapika hapa, na atakayekereka akereke.

Mimi ni mfinyanzi. Kwetu Mhezi, juu milimani, vyungu ni kazi ya wanawake. Mama yangu alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake, na wanaume hawasogei tunapochoma. Tunachoma nje, kwa majani makavu, magome ya miti na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake hauna adabu, humfuata mtu popote anaposimama. Kila nilipochoma, macho yangu yalikuwa mekundu siku mbili tatu, kisha yakatulia yenyewe. Sikuwahi kuyafikiria. Mikono yangu ilikuwa na nyufa, macho yangu yalikuwa mekundu, na maisha yaliendelea.

Mwaka jicho hili lilipoharibika, kabla ya mvua za vuli, mtoto wa jirani yetu Nakundwa alifariki. Alikuwa na miaka miwili, na homa ilimchukua kwa siku nne tu. Nilikuwa nimechoma vyungu siku moja kabla ya mazishi, kwa hiyo nilikwenda msibani na macho mekundu yanayowasha na kutoa machozi. Nakundwa alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Aliinua kichwa akanitazama machoni. Alinitazama muda mrefu, hata nikaona haya nikainama.

Msomaji wa mjini huenda hajui macho mekundu ya mwanamke yana maana gani huku kwetu mtoto anapokufa. Yana maana ya uchawi. Wapo wanawake waliohamishwa nyumba zao kwa sababu ya macho, na wengine walifanyiwa makubwa kuliko kuhamishwa. Tulikuwa Wakristo, tulikuwa na shule na kanisa la bati, na Mwingereza alikuwa na baraza lake kule chini, lakini hofu ile haikuhesabu bati wala baraza.

Tulipotoka msibani, mama mkwe wangu alinivuta nyuma ya zizi. Ni mama mzazi wa mume wangu Elinaja, na nyumba yake na yangu zinatazamana.

"Mama Neema, umemwona Nakundwa alivyokutazama?"

"Nimemwona, mama."

"Hayo macho yafanye yawe meupe. Watu hawasemi leo. Husema mtoto wa pili akifa."

Kuanzia hapo kila mtoto aliyekohoa kijijini nilimsikia mimi. Neema wangu, aliyekuwa na miaka minne, nilimkataza kucheza na wenzake, asije akawa amecheza na atakayeugua.

Wiki ile nilishuka Same kuuza vyungu. Karibu na stesheni ya reli palikuwa na duka la Mzee Hamisi, ambaye babu yake aliuza kaniki mahali pale pale kabla ya reli kufika. Aliuza chumvi, vitambaa, mafuta ya taa, na kwenye rafu ya juu, dawa za chupa.

"Shikamoo, Mzee Hamisi."

"Marahaba, Mama Neema. Vimefika vizima vingapi leo?"

"Vyote, mzee. Nataka dawa ya kutoa wekundu machoni."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Moshi huo?"

"Moshi."

"Dawa ya moshi ni kukaa mbali nao na kunawa maji safi. Lakini hii ipo. Sasa nisikilize. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, siku tatu. Siku ya nne yakiwa bado mekundu, hii si dawa yako, nenda hospitali. Kijiti hiki cha kudondoshea kisiguse jicho, kisiguse kidole. Na usimwazime mtu."

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kama tunavyosikia matangazo baada ya ibada, huku nikiitazama ile chupa. Ilikuwa ya kioo cha hudhurungi, ndefu kama kidole gumba, na ndani ya kifuniko chake kilining'inia kijiti cha kioo chenye tundu na kichwa cha mpira. Nilizunguka nyuma ya duka nikajitia hapo hapo. Iliwasha kidogo. Baada ya muda mfupi nilijitazama kwenye kioo cha kinyozi wa barazani, nikaona macho ya msichana. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipanda mlima siku ile kama sikubeba kitu.

Siku tatu zikapita. Nilipoacha, macho yakawa mekundu kuliko mwanzo, na sikuwa nimechoma chungu hata kimoja. Hilo ndilo ambalo Mzee Hamisi alikuwa akiniambia na mimi sikuelewa, kwamba dawa ile hufunga wekundu kwa saa chache tu, na ukizidi kuitumia, wekundu hurudi kudai haki yake. Mimi nilidhani macho yananisaliti. Nikatia tena. Tone moja likawa mawili, mara mbili kwa siku zikawa nne, kisha ikawa sitoki mlangoni kabla ya kutia. Kwenda kanisani, natia. Kwenda mtoni, natia. Nikisikia mtu anapiga hodi, nasema subiri, naingia chumbani natia. Vuli ikaanza, tukapanda maharage, na chupa ikawa inaishi kifuani mwangu. Elinaja hakujua. Mama mkwe alijua macho yamekuwa meupe, akaridhika.

Kioo cha kujitazamia sikuwa nacho nyumbani. Kwa hiyo nilikilaza kile kijiti juu ya ukope, nikasikia kimegusa, ndipo nikabonyeza mpira. Mara nyingine mikono ilikuwa na udongo. Niliifuta kwenye kanga, basi.

Chupa ilipobaki na dawa ya kufunika tako lake tu, mvua ilikuwa kubwa na njia ya Same ilikuwa utelezi mtupu. Hapa ndipo fahari iliponiponza. Mitungi yangu ilikuwa ikisifiwa kijiji kizima kwa maji baridi na matamu. Wageni wa kanisa walipokuja, maji yao yalichotwa kwangu. Nani angenifundisha mimi usafi wa maji? Nikachota kwenye mtungi wangu mwenyewe, nikajaza chupa, nikatikisa. Nilijiambia dawa imeongezeka. Nilisahau kwamba maji yale yalitoka kwenye mfereji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ambamo ng'ombe hunywa na watoto huogelea. Mtungi huyapoza maji, hauyasafishi. Mfinyanzi mzima sikulijua hilo.

Wiki moja kabla ya Krismasi niliamka na mchanga kwenye jicho la kushoto. Nilinawa, mchanga haukutoka, kwa sababu haukuwa mchanga. Nikatia dawa. Siku ya pili kope zilikuwa zimegandana kwa usaha, na mwanga wa mlangoni ulinichoma kama mwiba. Nikatia dawa tena. Nilikuwa naumwa na jicho na dawa yangu ilikuwa ile ile iliyoniumiza. Siku ya tatu Neema alisimama mlangoni akaniita, nikafunga jicho la kulia kujaribu. Niliona gauni. Juu ya gauni hapakuwa na uso.

Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa, hata kwenye uzazi. Kipofu wa kwetu huketishwa juani asubuhi na kuondolewa juani mchana, kama mahindi. Nilimwona mtu huyo, na alikuwa mimi. Na bado, nisimseme mtu mwingine, nilijifunika kanga usoni siku nzima ili wasijue. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa na uji, maana niliukoroga nje ya sufuria mbele ya mume wangu.

Elinaja alinifunua kanga. Akauliza polepole, "Umetia nini humu?"

Nilitoa chupa. Alimimina kidogo kiganjani akaenda nayo kwenye mwanga. "Haya maji yana utando."

Nikamwambia yote, kuanzia mkekani mpaka mtungini. Alikasirika mpaka sauti ikakauka. "Ungesema ni moshi. Ningesimama kanisani nikasema macho ya mke wangu ni ya moshi. Wewe ukaona heri unifiche miezi miwili?"

Mama yake alikuwa ameingia. Alisema yuko mzee anayekamua majani machoni, si mbali. Elinaja alimjibu neno ambalo mtoto hamjibu mama yake, na mama akatoka. Hawakusemezana siku nyingi baada ya hapo, na mimi nilijua chanzo ni chupa yangu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa kupanda na kushuka. Mwanamume wa kwetu hamshiki mkewe mkono njiani, watu watasema kalishwa kitu. Elinaja alinishika tangu kizingitini, mchana kweupe, akawa ananiambia jiwe, mzizi, shuka, panda. Njia hupita kando ya ua wa Nakundwa. Nilisikia ufagio ukifagia, kisha ukanyamaza. Nikajifunika zaidi. Nilijua anatutazama, na moyoni nikasema, sasa anafurahi.

Barazani pa hospitali tulikaa kwenye benchi refu. Pembeni yangu alikaa mzee kipofu na mkewe, ambaye alikuwa akimpangusa makamasi bila hata kuangalia, kwa mazoea. Ukutani palikuwa na picha ya Malkia wa Waingereza. Kwa jicho la kulia niliiona yote, na taji lake. Kwa la kushoto ilikuwa ukungu wa rangi ya majivu. Nilifunga hili nikafungua lile, nikafungua hili nikafunga lile, mpaka Elinaja akaniambia niache.

Dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aitwaye Yona, mtu wa Ugweno mwenye sauti ya chini, aliniita ndani.

"Laza kichwa nyuma. Nakutia rangi kidogo."

"Rangi ya nini?"

"Ya kunionyesha palipochubuka."

Alitia, akamulika, akatazama. Aliweka taa chini akaenda kumwita daktari, na nikawasikia wanarudi kwa haraka.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili cha vitabuni. "Juu ya jicho lako kuna kidonda," alisema. "Kimekwenda chini. Tutajaribu."

"La pili je?" niliuliza.

"La pili tutalilinda."

Tutajaribu. Usiku na mchana neno hilo lilikaa nami. Mtu anayejua atafanya hasemi atajaribu.

Nisiwatishe wenzangu kwa kueleza sindano. Nitasema hivi tu: zilikuwa tatu, ziliingia kando ya jicho lenyewe, na Yona alinishika kichwa kama mtu anavyoshika chungu kibichi. Nilipopiga kelele hakunicheka. Baada ya hapo siku zangu zilihesabiwa kwa matone. Kila saa moja ilikuwa dawa, na kati ya dawa na dawa nilikuwa nasubiri dawa. Walinitia pia nyingine iliyofanya mboni ikawa kubwa, mwanga ukawa adui, nikalala uso ukutani. Nyumbani watu walikula Krismasi. Mimi nilisikia nyimbo kutoka kanisa la hospitali nikalia, na Yona akaniambia kulia hakudhuru jicho, nilie tu.

Nilimtazama Yona kwa jicho langu zima, nikajifunza. Kila mgonjwa alikuwa na chupa yake yenye jina lake. Kabla ya kugusa kope ya mtu alinawa kwa sabuni, na alinawa tena akienda kwa mwingine. Alivuta ukope wa chini, akaacha tone lianguke lenyewe humo, kijiti kikiwa juu, hakikugusa popote. Siku moja nilimuuliza kama dawa ya dukani ni sumu.

"Si sumu," alisema. "Kwa macho yaliyosumbuliwa na vumbi au moshi, siku mbili tatu, inasaidia. Lakini jicho likiuma, likitoa usaha, likiogopa mwanga au likiona ukungu, hiyo haihusiki tena. Na chupa ikishafunguliwa, baada ya mwezi itupe, hata ikiwa imejaa."

"Na mtu akiongeza maji?"

Alikaza kifuniko cha chupa yangu. "Mama Neema, hilo unaweza kulijibu wewe."

Wiki ya tatu mama mkwe alifika, peke yake kwa miguu, na makande kwenye chungu changu mwenyewe. Aliketi kitandani mpaka nikamaliza kula. Nilipomtazama karibu, niliona jambo ambalo nilikuwa nimeliona kila siku bila kuliona. Macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu miaka yote, kwa moshi wa jikoni.

"Nilipoolewa," alisema, "mama wa mume wangu aliniambia maneno yale yale niliyokuambia. Niliishi nimeinama mpaka nikazeeka. Nilikuogopea wewe, mwanangu, kwa sababu nilijiogopea mimi."

Sikumwambia nimekusamehe, maana hasira ilikuwepo bado, na nisingependa kusema uongo katika karatasi hii. Lakini alibaki. Alimwomba Yona amfundishe, akawa anasugua mikono yake mizee kwa sabuni mpaka inang'aa, na tone lake lilianguka mahali pake kila mara. Elinaja alipokuja akamkuta mama yake ananitia dawa, alivua kofia akasema, "Shikamoo, mama." Akajibiwa marahaba. Ndivyo walivyopatana, hapakuwa na hotuba.

Maumivu yalipungua kwanza, kisha usaha, kisha ule woga wa mwanga. Kila asubuhi nilitoka barazani kumtazama Malkia kwa jicho la kushoto. Nilingoja taji. Siku moja niliona kwamba ukungu una mahali peupe na mahali peusi, nikamkimbilia daktari. Alipima, akaniambia ukweli kwa upole: kidonda kimepona, kovu limebaki, na kovu hilo halitaondoka. Nitaona mwanga, na mkono unaopita. Taji sikuliona tena kwa jicho lile. Lakini la kulia lilibaki zima, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilitafuta macho meupe, na moja nimelipata.

Nilirudi nyumbani masika yakikaribia. Nilifinyanga chungu changu cha kwanza kikawa kombo upande mmoja, kwa sababu jicho moja halijui umbali. Nilikivunja. Cha tano kilisimama. Siku hizi nikichoma nakaa upande unakotoka upepo, nafunga kitambaa, na nikimaliza nanawa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Macho yakiwa mekundu, nayaacha yawe mekundu.

Nakundwa alikuja mchana mmoja, nikiwa ninapakua vyungu majivuni. Nilitaka kukimbia, maana macho yangu yalikuwa yametoka kwenye moshi, na chupa sikuwa nayo tena. Nikasimama. Alinitazama machoni vile vile kama siku ya msiba.

"Pole kwa jicho," alisema.

"Nimeshapoa."

"Siku ile tunamzika mwanangu, ulikuja macho mekundu."

Nilikuwa na neno langu tayari, lile ambalo Elinaja alisema ningelisema tangu mwanzo. "Ulikuwa moshi, Nakundwa. Nilikuwa nimechoma."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Moshi," alisema. "Mimi nilidhani umemlilia. Wengine walikuja na macho makavu, wakala, wakaondoka. Wewe nilikutazama nikasema, yupo mmoja. Kisha wiki ile ile nikakuona njiani macho meupe, umemaliza kulia. Ndipo nikaumia. Na ulipopita na mumeo umejifunika, nilitaka nikufuate, nikaona haya."

Miezi yote ile nilikuwa nimeogopa macho ya mtu aliyekuwa akitafuta mwenzake wa kulia. Nilijifuta majivu mikononi, tukaketi chini kando ya vyungu vilivyokuwa moto bado, nikamwomba aniambie mtoto alikuwaje. Alianza na jinsi mtoto alivyokuwa akiyaita maji kwa ulimi wake wa kitoto. Jicho langu bovu ndilo lililotangulia kutoa machozi.